Volti za Mama King'ora

Tarehe 4 Machi

Wifi yangu wa ghorofani,

Nakuandikia nikiwa mzima kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Goti la kushoto nimeliacha nje ya hesabu kwa sababu halisikilizi la mtu. Wewe je? Na huyo mtoto wetu? Nimesikia meno ya mbele yamedondoka na sasa kila akisema "shangazi" anatoa mluzi. Mwache aseme mara nyingi kabla mengine hayajaota.

Huku tumevuna maharage, paa la kituo limezibwa, na mbuzi wangu yule mkorofi amekula nusu ya shati la jirani. Nimemshauri jirani aanike nusu iliyobaki juu zaidi.

Sasa nikuambie lililonifanya nitafute kalamu. Tangu marehemu mume wangu aniachie kituo hiki cha kupima mto, kazi yangu ni moja: kutazama maji. Chini mtoni kuna bomba lenye kipimo, kipimo kinaleta umeme kidogo kwenye sanduku langu la chuma, na maji yakifika mita nne king'ora kinalia, watu wa bondeni wanapanda shuleni. Kiliwekwa baada ya ule mwaka wa maji makubwa, ambao hatuuzungumzi sana hapa kwa sababu kila nyumba ya bondeni ilizika mtu.

Basi, wifi, king'ora kimelia. Maji yalikuwa mita tatu, ya kawaida kabisa kwa msimu huu. Watu walikimbia na magodoro kichwani, bibi mmoja akapanda kilima na cherehani mgongoni. Walipofika juu wakageuka, wakauona mto umetulia tuli. Wiki iliyofuata kikalia tena. Safari hii nusu yao ndio waliopanda. Nusu nyingine walibaki barazani kunitazama mimi. Sasa naitwa Mama King'ora. Mwenye mashine ya kusaga, yule tunayemwita Bwana Pumba kwa sababu ya biashara yake na kwa sababu ya maneno yake, kila nikipita ananiuliza, "Mama King'ora, leo nivae viatu au niogelee?"

Wewe unayefufua redio za watu, niambie: sanduku langu linaumwa nini?

Huyo mdogo wangu, mumeo, najua bado anashona viti. Sikuulizi habari zake. Nimemtaja tu.

Wifi yako wa mtoni


Tarehe 21 Machi

Wifi yangu mkubwa, Mama King'ora (umejitaja mwenyewe, lawama si yangu),

Barua yako imetukuta wazima. Mtoto anapiga mluzi kweli, na kwa kuwa amegundua kwamba "shangazi" ndilo neno linalotoa mluzi mzuri, unatajwa hapa kuliko mtu yeyote. Karakana yangu imejaa redio mpaka nimebakiwa na kiti kimoja cha kukalia, na hicho nacho nimekiwekea redio. Chini yangu mdogo wako anagonga misumari kutwa nzima. Wateja wangu huniuliza kama hilo tatizo la mlio liko kwenye redio au kwenye nyumba.

Barua yako niliiacha mezani imekunjwa mara mbili. Niliporudi nikaikuta imekunjwa mara tatu. Nilimuuliza mdogo wako kama ameisoma. Akaniambia, "Barua gani?" huku misumari midomoni. Huu ni mwaka wa pili tangu aje kukuchukua baada ya msiba, ukamwambia huondoki mtoni hata kwa kamba, akapanda basi akarudi peke yake. Tangu hapo wewe humwandikii, yeye hakuandikii, na mimi mwanamke wa watu mmenigeuza tundu la posta.

Haya, tuje kwenye mgonjwa. Kabla sijasema lolote nataka uniangalizie. Nimekutumia mita yangu ya zamani. Waya mwekundu uguse pale palipoandikwa alama ya kujumlisha, mweusi uguse penye alama ya kutoa. Soma umeme unaoingia kwenye sanduku asubuhi, mchana, jioni. Na king'ora kikilia, usikimbilie mto peke yake. Tazama na kijiji: nani amewasha nini? Tena niambie ile betri ya akiba iko katika hali gani.

Usiishike mita kama unashika nyoka. Haiumi.

Wifi yako wa ghorofani


Tarehe 9 Aprili

Wifi,

Salamu zote nimezipokea, na mluzi nimeupokea. Sisi hapa wazima. Mbuzi amemaliza shati.

Betri ya akiba ilikufa mwishoni mwa mwaka jana. Nimeiombea nyingine ofisini na bado naiombea. Kwa hiyo sanduku linakula umeme wa nyaya moja kwa moja, kupitia ile transfoma ndogo ukutani.

Mita yako nimeishika kama nashika yai, na imenisemea. Asubuhi kumi na nne. Adhuhuri kumi na nne. Nikaanza kuona unanichezea. Jumamosi nimekaa na chai yangu, mara namba ikaporomoka mpaka kumi, ikayumba pale, na king'ora kikalia. Nikakumbuka maneno yako, nikatoa kichwa dirishani. Nini kimeamka kijijini? Mashine ya Bwana Pumba! Moshi, kelele na unga hewani.

Nikamwendea na mita yangu mkononi.

"Zima," nikamwambia.

"Nizime nini?"

"Mashine. Kisha uiwashe. Kisha uzime."

"Mama King'ora, hii ni mashine ya kusaga, si taa ya chumbani."

Lakini alizima na kuwasha, kwa sababu wateja walikuwa wanatazama na yeye anapenda kutazamwa. Nikarudi mbio kituoni, mbio za goti moja. Kila akiwasha, namba inaanguka. Kila inapoanguka, king'ora kinapiga ukelele. Nilipomwambia kwamba mwenye makosa ni yeye, akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye kope. "Yaani mimi nikisaga mahindi, mto unafurika?"

Kuna maneno mengine yanayozunguka hapa, ila hayo siyaandiki. Wewe niambie dawa.

Mdogo wangu asome asisome, shauri yake. Kama anasoma, aikunje vizuri.

Wifi yako wa mtoni


Tarehe 26 Aprili

Wifi yangu mpima mto,

Nimesoma barua yako kwa sauti, na kule chini nyundo ilinyamaza mpaka nilipofika kwenye sahihi yako mwishoni. Nimeripoti tu.

Ugonjwa nimeuona. Sanduku lako linalinganisha volti mbili. Moja inatoka mtoni, na inapanda kadiri maji yanavyopanda. Ya pili ni ya mpaka, inayosema "hapa ndipo hatari." Sasa aliyelitengeneza aliipata hiyo ya mpaka kwa kuugawa umeme unaoingia kwa rezista mbili, vile vipande vinavyozuia umeme, basi. Umeme ukiwa kumi na nne, mpaka uko mita nne sawasawa. Bwana Pumba akiwasha, umeme ukishuka mpaka kumi, mpaka nao unateremka chini ya mita tatu. Maji hayajapanda, wifi. Ni mpaka ndio ulioyafuata maji chini. Zamani betri ilikuwa inaziba hilo pengo, ndiyo maana marehemu hakuliona.

Dawa inaanza na kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Kinaitwa dayodi ya zena. Dayodi ya kawaida inapitisha umeme upande mmoja na upande wa pili inakataa katakata. Zena, ukiugeuza umeme uingie kwa upande wake wa kukataa, inakataa mpaka volti fulani, kisha inaachia. Yangu mimi ni ya tano nukta sita. Ukiiletea umeme kupitia rezista, kinachozidi inakipitisha kiende zake, na yenyewe inabaki imeshikilia tano nukta sita. Umeme uje kumi na nne, uje kumi, yenyewe iko pale pale. Namfahamu mtu mwenye tabia hiyo, anaishi kando ya mto.

Ila peke yake haitoshi. Ukiitwisha mzigo, inayumba kidogo. Ukizidisha, inaachilia kabisa. Kwa hiyo nakuundia ubao wenye kitu kingine, op-amp, kazi yake utaiona ukifika.

Nimekutilia zena moja kwenye bahasha uitazame. Ya kutazama tu! Usiiweke popote mpaka ubao na mchoro vifike kwa gari la barua linalofuata. Nakujua.

Wifi yako wa ghorofani


Tarehe 14 Mei

Wifi,

Wote wazima. Mvua hakuna. Mbuzi mzima.

Niliiweka.

Usicheke kwanza. Niliitazama siku mbili kama ulivyosema, halafu nikaona mbona ni jambo dogo. Rezista ya chini unaitoa, zena unaitia mahali pake, bisibisi inatosha. Marehemu alikuwa akifunga dayodi za taa, na mstari wake mweusi aliuelekeza upande wa chini. Nami nikauelekeza upande wa chini.

King'ora hakikungoja Bwana Pumba awashe chochote. Kililia palepale, na hakikunyamaza. Nikapiga sanduku kofi, kikazidi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na koleo, watu nyuma yake wamekunja mikono kifuani. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Dada, tulikubaliana. Kikilia tena bure, tunakata." Akapanda ngazi akakata waya wa king'ora.

Hayo ndiyo maneno niliyokataa kukuandikia mwezi uliopita. Nilidhani nitayamaliza kabla hujayasikia.

Sasa nasoma mto kwa macho, na nikiona jambo itabidi nipige kelele kwa mdomo wangu mwenyewe. Bwana Pumba anasema mdomo wangu unatosha. Mimi simcheki. Bondeni kuna watoto waliozaliwa baada ya ule mwaka, hawajui hata yale maji yalikuwa na rangi gani.

Ukitaka kunisema, nisemee kwa barua fupi.

Wifi yako


Tarehe 2 Juni

Wifi yangu kipenzi, mjuzi wa bisibisi,

Nimecheka. Nimejaribu kutocheka, nikashindwa, nikacheka. Kisha nilipofika kwenye koleo la mwenyekiti nikakaa chini.

Sikusemi. Uliiweka kinyume. Mstari kwenye zena unaelekea kwenye alama ya kujumlisha, juu, si chini. Ukiigeuza inakuwa dayodi ya kawaida tu, inashikilia volti isiyofika hata moja. Yaani ulikiambia king'ora kwamba hatari ni maji ya nusu mita. Mto wako una nusu mita hata kiangazi, kwa hiyo kilitii. Usikipige kofi tena, kilikuwa na adabu.

Kuhusu hayo maneno uliyonificha, nami nitayaweka kando. Ila siku nyingine ukikatiwa waya, mimi niwe wa pili kujua, siyo wa mwisho.

Ubao huu hapa. Zena nimeilehemu mwenyewe ili usipate nafasi. Sikiliza inavyofanya kazi. Op-amp ina masikio mawili. La kwanza linasikiliza zena tu, halichukui umeme wake kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo zena haina mzigo na haiyumbi. La pili linasikiliza sehemu ya volti inayotoka kwenye ubao kwenda sandukuni. Ikiona inayotoka imepungua hata chembe, inaifungulia transista, ambayo ni kama lango, ipitishe zaidi. Ikiona imezidi, inaibana. Haichoki na wala haingoji kuambiwa. Kwa hiyo zena ndiyo inayojua kiasi, op-amp ndiyo inayolinganisha, transista ndiyo inayobeba. Sanduku zima litapata volti nane, wakati wote, na kwa rezista mbili mpya za mpaka nilizokutilia, zilizopimwa kwa nane hizo, mpaka wako utakaa mita nne.

Transista itapata moto. Ni kawaida, ndipo kinapotupwa kilichozidi. Lakini elewa kitu kimoja: inaweza kupunguza tu, haiwezi kuumba. Umeme unaoingia lazima uzidi nane kwa volti mbili hivi. Kumi za Bwana Pumba zinatosha kwa shida. Akinunua mashine kubwa zaidi, niambie.

Utaona ubao umo ndani ya kisanduku cha mbao, kimepigwa msasa na kina matundu ya kupumulia. Mimi sijui kimetoka wapi. Nilikikuta asubuhi kwenye ngazi. Nilipouliza, kuna mtu alisema huenda ni mteja.

Wifi yako wa ghorofani


Tarehe 30 Juni

Wifi yangu,

Hamjambo wote? Kifurushi chako kilichelewa kwa sababu daraja la juu lilikatika na gari la barua likazunguka kwa milimani. Huko milimani, anasema dereva, mvua haijawahi kuonekana kama ya mwaka huu. Kwetu vumbi tupu.

Nilikifungua kisanduku mezani. Pembe zimeshikana kwa meno ya mbao, hakuna msumari hata mmoja. Baba yetu aliwafundisha watu wawili tu kuchonga meno ya namna hiyo, na mmoja ni mimi. Kwa hiyo huyo mteja wako mwambie bawaba ya kushoto inalia.

Ubao nimeufunga kama mchoro ulivyosema, waya kwa waya, huku nimekalia mkono mmoja usije ukajituma. Kisha nikamwita mwenyekiti, nikamwita Bwana Pumba, na yeyote mwenye kutaka kunicheka. Walifika wengi. King'ora bado kilikuwa kimekatwa, kwa hiyo niliweka taa ndogo mahali pake: ikiwaka, ndiyo kimelia.

"Washa mashine," nikamwambia Bwana Pumba.

Akawasha. Nikaigusisha mita kwenye umeme unaoingia: kumi. Nikahamishia kwenye unaotoka: nane. Taa kimya.

"Zima. Washa."

Nane.

Bwana Pumba akaanza kuchukia. Alikwenda mwenyewe akawasha na kuzima kwa hasira, akarudi anahema, akaitazama mita kama imemtukana. Nane. Mwanamke mmoja akasema, "Bwana Pumba, sasa utamlaumu nani?" Hapo nikamwonea huruma, kwa sababu wote walimcheka pamoja, na mimi najua hicho kicheko kilivyo.

Lakini yeye ana jambo moja zuri: akishindwa, anashindwa kwa mdomo wazi. Akasema, "Kumbe ilikuwa mashine yangu kweli." Kisha akashika ngazi mwenyekiti apande kuunga waya.

Transista ni ya moto kama ulivyosema. Paka amekwisha pagundua.

Wifi yako wa mtoni


Tarehe 17 Julai

Wifi yangu mshindi,

Tumefurahi hapa mpaka mtoto amepiga mluzi bila kutaja mtu. Jino moja limeanza kuchomoza, kwa hiyo starehe zinaelekea ukingoni.

Nimepeleka ujumbe wa bawaba. Mteja amesema bawaba hailii, ni masikio ya mtu. Amesema pia, kama kweli inalia, ni kwa sababu mlango unafunguliwa na mtu asiye na subira. Nilimwambia aandike mwenyewe. Akasema ana viti sita vya kumaliza. Nilivihesabu, ni viwili.

Nami nina langu dogo, na usilikunje ukaliweka mfukoni. Chumba cha nyuma bado kipo. Nyumba yako iko karibu na maji kuliko zote, chini hata ya kituo chenyewe. Sikulazimishi. Yule aliyekulazimisha tunajua yalimfika nini.

Wifi yako wa ghorofani


Tarehe 29 Julai

Wifi,

Mimi mzima. Naanza na hilo. Wote wazima, bondeni kote, hakuna aliyepotea.

Naandika nimekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yananigusa kidevu. Hapa shuleni tuko karibu kijiji kizima.

Ilikuwa Alhamisi, mchana mweupe. Jua linawaka, nguo zimeanikwa, hakuna hata wingu la kusingiziwa. Nilikuwa kituoni nafagia. King'ora kikalia. Unajua nilifanya nini? Nilitazama mita kwanza. Nane. Nikatazama kipimo: nne na vidole viwili. Safari hii sikuwa na wa kumsingizia.

Nikatoka nje napiga kelele. Pale dukani wanaume walikuwa wamekaa, na mmoja akasema, "Mama King'ora ameamka." Mwingine akanionyesha jua kwa kidole, kama vile mimi silioni. Hakuna aliyeinuka.

Bwana Pumba alikuwa amekaa mlangoni kwake, mkanda wa mashine umemkatikia tangu asubuhi, ameulaza mapajani anaushona. King'ora kinalia. Nilimwona anainua kichwa. Akatazama king'ora, akautazama ule mkanda mapajani, akageuka akatazama mashine yake ndani. Kisha akasimama mkanda ukaanguka.

"Mashine yangu imelala!" akapiga kelele. "Jamani, mashine yangu imelala! Huo ni mto!"

Wifi, yule mtu ana sauti. Miaka yote ya kushindana na mashine ya kusaga ilimwandaa kwa siku ile. Alikimbia nyumba kwa nyumba bondeni, anapiga milango kwa viganja, na kwa kila anayeuliza kuhusu jua jibu lake ni lile lile: mashine imelala. Na watu walielewa, kwa sababu walishuhudia wenyewe siku ya majaribio. Wakainuka. Bibi wa cherehani alikuwa wa kwanza kufika juu.

Mimi nilibaki nasoma kipimo na kupaza namba kwa mwenyekiti aliyesimama njiani: nne na nusu, tano. Kisha niliusikia. Maji yalikuja ya kahawia, na miti mizima imelala juu yake na mizizi yake. Ni ile mvua ya milimani. Mwenyekiti alinivuta mkono nikaacha kusoma.

Mashine ya Bwana Pumba imezama. Bondeni pote ni matope. Kituo kimesimama, maji yaliishia kwenye ngazi zake.

Nyumba yangu haipo. Nimeandika sentensi hiyo mara moja, usiniombe niirudie.

Barua hii sijui itatoka lini. Barabara zote mbili zimekatika.

Wifi yako


Tarehe 6 Agosti

Wifi yangu, dada yangu,

Sijapata neno lako. Redio imesema mto wenu umefurika, na kwamba watu walionywa mapema. Mimi naishi na redio arobaini, zote nimezifungua, na hakuna hata moja inayosema kama aliyewaonya yuko hai. Nakuandikia kana kwamba uko hai, kwa sababu sijui namna nyingine ya kukuandikia. Kama unacheka hofu yangu, cheka, niudhi, nitakushukuru.

Mdogo wako alisikia habari akiwa amesimama kwenye ngazi zangu. Alishuka, akakaa juu ya kiti ambacho hakijamalizwa, chenye misumari, na hakuhisi. Asubuhi sikumkuta. Randa haipo, misumeno haipo, buti hazipo. Ameacha karatasi mezani imeandikwa, "Nimetoka kidogo."

Kutoka kidogo! Barabara zimekatika, wifi. Sijui atapita wapi. Akifika, mpe chakula kwanza ndipo umgombeze.

Wifi yako


Tarehe 30 Agosti

Wifi yangu wa ghorofani,

Barua yako ya tarehe sita nimeipokea jana, na yangu ya mwezi uliopita naambiwa imeondoka juzi. Kwa hiyo pengine unazisoma zote mbili siku moja, na utakuwa umelia na kucheka bila mpangilio. Pole. Niko hai. Naye yuko hai.

Alifika kwa miguu, buti mbili shingoni, matope mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nafua mablanketi ya shule. Alisimama pale. Nikamwambia, "Umekonda." Akaniambia, "Umezeeka." Nikampa chakula, kama ulivyoagiza kabla sijajua umeagiza. Hakuuliza kama nitaondoka, na mimi sikumwambia kwamba siondoki. Kesho yake akachukua kamba na vigingi vya mbao, akapanda nyuma ya kituo, pale palipoinuka, akaanza kupima nyumba. Hakuniuliza naitaka wapi. Ni pale pale nilipopataka.

Bwana Pumba anamsaidia kubeba mbao, na wanabishana kutwa kuhusu kila pembe. Kijiji kinachangia mabati. Watu wa kijiji cha chini nao walikuja wakaniomba nikawafungie kisanduku kama changu, kwa hiyo nitumie vifaa vya ubao mwingine, tena usilehemu zena. Hii nitaiweka mimi, mstari juu.

Nikuambie jambo la mwisho. Jumapili alikuja kituoni, akasimama mbele ya kile kisanduku cha mbao. Alifungua kimlango, akakifunga, akafungua. Akatoa kopo la mafuta mfukoni akaipaka bawaba ya kushoto bila kunitazama. Kisha akaniuliza, "Huu waya mwekundu unakwenda wapi?"

Nikamwambia. Akauliza, "Na hicho kidogo chenye mstari?" Nikamweleza zena. Akauliza op-amp inajuaje kwamba umeme umepungua, nikamweleza masikio mawili, akataka nirudie, nikarudia. Akauliza kwa nini transista ni ya moto hivyo, nikamweleza. Nilimwona anaelewa, kisha nikamwona anauliza tena alilokwisha elewa. Nami nikamjibu tena, polepole, tangu mwanzo. Chai ikapoa, tukainywa hivyo hivyo. Yale ya mwaka juzi hayakutajwa na mtu. Tulizungumza volti tangu mchana hadi jua likaegemea, na tulipoinuka aliniita dada.

Nakuomba usimngoje wiki hii. Anasema atarudi mara mlango wa nyumba ukikaa sawa. Mlango umekaa sawa tangu Jumatano. Kila asubuhi anaung'oa, anasema umepinda. Haujapinda.

Wifi yako wa mtoni